Mwanga ulipopenya kwenye kinundu

Nilikuwa nimepiga magoti, nakamua kitambaa cha kupigia deki, nilipokiona. Mkono wa kushoto ulikuwa umekunjika kuelekea ndani, na katikati ya kifundo, upande wa juu, ngozi ilikuwa imetunishwa na kitu cha mviringo, mfano wa gololi iliyosahauliwa chini ya shuka. Nikaunyoosha mkono, kikazama. Nikaukunja tena, kikarudi palepale.

Nikakibonyeza kwa kidole gumba. Hakikuuma. Kilikuwa kigumu kuliko nilivyodhani, kimekaa imara kana kwamba kuna kitu kinakishikilia kwa chini, ila ngozi iliteleza juu yake bila kugandana nacho. Chumba kilichobaki nilikipiga deki kwa mkono mmoja.

Sikumwambia mtu kwa siku nane.

Nimezunguka na habari hii muda mrefu, kila nikitaka kuiandika naahirisha, kwa sababu uvimbe wenyewe hauna kisa kirefu. Ni uvimbe maji, wa aina inayoota kwenye viganja na vifundo vya mikono kuliko uvimbe mwingine wowote, na hauui. Kilichonikaa rohoni ni kwamba niliambiwa hauna madhara, aliyeniambia alikuwa sahihi, na bado nilikesha wiki sita nzima baada ya kuambiwa.

## "Usijali"

Siku ya tisa nilikwenda kwa daktari, peke yangu. Aliutazama mkono wangu kutoka upande wa pili wa meza.

"Ganglioni hiyo," akasema. "Haina madhara. Usijali."

Akaandika mstari mmoja, akaniuliza kama nina tatizo jingine. Sikuwa nalo. Nikatoka.

Sitaki kumsema vibaya. Hakukosea hata neno moja. Mtu aliyekwisha kuona vinundu vya aina hii kwa miaka hukitambua akiwa mbali, kama fundi anavyoujua ubovu wa injini kwa mlio tu. Lakini ujuzi wake ulibaki kwake. Mimi nilipewa amri ya kutojali, na hofu haipokei amri.

Usiku nikawa nakitafuta gizani. Kidole kinakwenda chenyewe, kinabonyeza, kinapima. Leo kimekua? Jana kilikuwa laini hivi? Nikishinda na kazi za mikono, jioni kinatuna zaidi, nami nasema ndiyo huko kukua kwenyewe. Nikiamka nakikuta kimenywea, najipa moyo. Jua likizama moyo umeshaanguka tena. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba hiyo ndiyo tabia yake: mkono ukitumika sana hujaa, ukipumzika hupungua. Sentensi hiyo moja ingenipa usingizi wa siku nyingi.

Hofu yangu ilikuwa na jina, na nadhani unalijua. Neno uvimbe siku hizi halitembei peke yake. Likitangulia, saratani inafuata nyuma.

Baadaye nilisoma kuhusu utafiti mdogo wa Uingereza, wa mwaka 2000, ambapo watu wenye uvimbe huu waliulizwa kilichowapeleka kliniki. Kundi kubwa lilisema ni sura ya mkono. Zaidi ya robo walisema wanaogopa saratani. Maumivu yalikuja ya tatu. Hiyo robo niliirudia mara mbili tatu. Niliwaona wamekaa kwenye mabenchi wakisubiri kuitwa, kila mmoja amefunika mkono mmoja kwa mwingine.

## Fundo juu ya kifundo

Nikaingia intanetini, nikazidi kujiumiza. Ganglioni ni neno la Kigiriki, maana yake fundo. Tatizo ni kwamba jina hilohilo lilipewa tangu kale mafundo ya neva, na hadi leo wanaanatomia huliita hivyo kila kituo ambako seli za neva hukusanyika nje ya ubongo na uti wa mgongo. Basi saa saba usiku niko nasoma habari za uti wa mgongo, nimeshaamini kwamba kitu kimeota kwenye neva ya mkono wangu. Havihusiani kabisa. Vimegongana jina tu.

Kiswahili kimeliweka vizuri zaidi, bila hata kukusudia. Sisi tunasema kifundo cha mkono, pale mifupa midogo 8 ilipofungwa pamoja kwa nyuzi ngumu hadi ikawa kama kitu kimoja. Ganglioni ni fundo lililoota juu ya kifundo.

Na kifundo hakifanyi kazi kikavu. Kila kiungo kimevikwa mfuko, na ndani ya mfuko mna ute unaoilainisha mifupa isisagane. Mahali fulani ukuta wa mfuko hulegea, ute ukapenya nje, ukajikusanya, ukajijengea kifuko chake. Kifuko hicho hakiachani na kiungo. Hubaki kimeunganishwa nacho kwa kijishina chembamba, na kwa maelezo yanayokubalika na wengi, kijishina hufanya kazi kama mlango unaofunguka upande mmoja: kila ukiukunja na kuunyoosha mkono ute husukumwa kuingia, lakini kurudi ni shida. Humo ndani huwa mzito, mwangavu, wa kunata, umejaa asidi ya hayaluroni, ileile inayolainisha viungo vyako sasa hivi unaposhika simu. Ndiyo maana ukikibonyeza unadhani ni mfupa. Ni ute uliobanwa.

Kati ya kila vinundu 100 vya mkononi, 60 hadi 70 huota hapohapo pangu, upande wa juu wa kifundo, chanzo chake zikiwa nyuzi zinazoufunga mfupa wa skafoidi na jirani yake wa lunati. Kama 20 huota upande wa kiganja, karibu na shina la kidole gumba, jirani na mshipa anaoushika mtu anayekuhesabu mapigo. Kuna vingine vidogo kama punje, vigumu, kwenye ala ya kano pale kidole kinapoanzia, ambavyo mwenye navyo huvigundua akishika usukani au mpini. Wanawake huvipata zaidi kuliko wanaume, mara 2 hadi 3, na wengi huwa na umri kati ya miaka 20 na 40.

Mimi nilikuwa na 33. Nilikuwa mgonjwa wa kawaida kabisa, wa kwenye kitabu, na sikujua.

Kuna jambo lilinigusa zaidi ya hayo yote. Ukubwa na maumivu haviendi pamoja. Wapo watu ambao kinundu chao kimejificha ndani, jicho halikioni, kidole hakikipati, ila kinabana tawi jembamba la neva na kuwatesa kila wanapoegemea kiganja ili wainuke. Hao huambiwa mkono hauna kitu. Mimi nilikuwa na kitu nisichoumwa. Wao wanaumwa na hawana cha kuonyesha.

## Kidole cha mama

Mama ndiye aliyenikamata. Tulikuwa tumekaa tunaongea, na kidole changu kikawa kimeshafika palepale kilipozoea.

"Unabonyeza nini muda wote huo?"

Nikamwonyesha. Alikitazama kwa muda, kisha akafanya kitu ambacho sikukitarajia. Alinyoosha mkono wake wa kulia, akanisogezea kidole cha shahada. Kwenye kiungo cha mwisho, hatua chache tu kabla ya kucha, palikuwa na kijipele kinachong'aa, ngozi yake nyembamba mpaka karibu uone ndani. Kutoka hapo kucha ilikuwa na mfereji, umeshuka wima hadi ncha, kana kwamba mtu aliiburuzia msumari ilipokuwa bado mbichi.

Mkono ule nimeushika maisha yangu yote. Mfereji ule sikuwahi kuuona.

"Kina miaka mitatu," akasema. "Kikijaa nakitoboa kwa sindano."

"Kinatoka nini, mama?"

"Kama gundi, nyeupe ya kuona ng'ambo. Haina harufu. Zinapita wiki mbili, kinarudi."

"Mbona hukusema?"

"Mngenikimbiza hospitali, mwanangu. Halafu wangesema jina lake."

Wangesema jina lake. Wiki nyingi baadaye bado nasikia namna alivyolitamka lile neno "jina". Tulikuwa watu wawili, mama na binti, kila mmoja na fundo lake, kila mmoja akimkinga mwenzake na neno lilelile ambalo halikuwamo kwenye mkono wa yeyote kati yetu.

Cha mama ni ndugu wa changu, kwa watu wa makamo na wazee. Hufuatana na kulika kwa kiungo, pale gegedu linapochakaa na mfupa kuota vijiba pembeni. Kifuko kinakaa juu ya mzizi wa kucha, kinaubana, na kucha inakua na alama ya mbano huo. Na kwa kuwa kimeunganishwa na kiungo, ile sindano ya kushonea ilikuwa ikifungua njia hadi ndani. Vijidudu vikishaingia kwenye kiungo cha kidole, kiungo kinaweza kuharibika kwa siku chache. Miaka mitatu alikuwa akiifungua njia hiyo, kwa utulivu, kwenye mwanga wa dirisha, ili asitusumbue.

## Tochi

Tulikwenda pamoja kwa daktari wa pili. Kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kuvuta kiti chake kukileta upande wetu wa meza.

Alianza na mimi. Aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. Akauliza kina muda gani, kama kiliwahi kupotea, kama niliumia hapo, kama vidole hufa ganzi au kushindwa kushika. Akaniambia nikunje na kunyoosha vidole huku ameweka ncha ya kidole chake juu ya kinundu, aone kama kinakwenda pamoja na kano. Akakibonyeza polepole, akasikiliza kwa kidole kama ndani yake kuna mapigo. Kisha akafunga pazia, akazima taa, akatoa tochi ndogo ya kalamu na kuigandamiza pembeni mwa kinundu.

"Angalia," akasema.

Kinundu kiliwaka.

Kiliwaka chote kwa pamoja, rangi ya makaa yanayoanza kufifia, kama taa iliyofunikwa kwa karatasi. Ndani hamkuwa na doa. Hamkuwa na mzizi, wala ule weusi niliokuwa nimeuchora kichwani kwa wiki sita. Niliona kingo zake, niliona kimshipa kimoja chembamba cha ngozi kikipita juu yake, na baada ya hapo ni mwanga mtupu.

"Nyama ngumu haipitishi mwanga hivi," akasema. "Ute unapitisha."

Nililia. Mama akanishika bega, na daktari akaiacha tochi palepale mpaka nikamaliza.

Taa ilipowaka alinieleza, bila kuharakisha, kwamba mwanga peke yake si kipimo cha mwisho. Zipo nundu nyingine zinazopitisha mwanga kiasi, hivyo hujumlisha alichokiona, alichokishika na alichokisikia. Kama asingeridhika angeniandikia ultrasaundi. Kuna nundu ya mfupa inayotokeza chini kidogo, pale mifupa ya kiganja inapoanzia, ambayo watu huichanganya na hii. Hiyo ni ngumu kweli na tochi haifui dafu. Akaniambia nisingoje nikiona kinakua upesi kwa wiki chache, kikiwa chekundu na cha moto, kikiuma usiku nimelala, au vidole vikianza kupoteza hisia na nguvu. Na chochote kilicho upande wa mapigo, au chenye mapigo yake chenyewe, kisiguswe kwa sindano na mtu asiyejua mshipa umepita wapi.

Maelezo hayo yote hayakuzidi dakika kumi. Tochi yenyewe, kabla sijaanza kulia, ilikuwa sekunde kumi.

Hapo ndipo nilipokwama, na ndipo bado nipo. Madaktari wote wawili walinipa jibu moja. Wa kwanza alinitaka nimwamini, wa pili alinionyesha nikaamini macho yangu. Najua foleni ni ndefu, najua wa kwanza huenda alikuwa ameshaona watu arobaini siku ile. Lakini tochi ilikuwa mfukoni mwake pia. Niliiona kalamu yake ikichungulia kwenye koti, na nimejiuliza mara nyingi ingemgharimu nini.

## Kitabu kizito

Habari zilipoenea kwenye familia, mjomba alikuja na dawa yake: weka mkono mezani, chukua kitabu kizito kuliko vyote ndani ya nyumba, piga mara moja. Alikuwa anasema kweli kwamba watu wamefanya hivyo vizazi na vizazi. Katika nchi za Waingereza uvimbe huu uliitwa uvimbe wa Biblia, kwa kuwa Biblia ndiyo ilikuwa kitabu kikubwa nyumbani.

Kifuko hupasuka kweli. Ute husambaa, mwili ukaufyonza, mkono ukawa bapa. Kijishina kinabaki, na kinundu hurudi. Na chini ya kitabu hicho ipo ile mifupa 8 na kano na neva. Nikamshukuru mjomba, nikauficha mkono nyuma.

## Kuacha, kuvuta, kukata

Nilidhani hofu ikiisha mambo yameisha. Hapana. Siku chache tu baada ya tochi, nikaanza kukichukia kwa sababu nyingine: sikutaka kukiona. Nikawa navaa mikono mirefu. Nikipigwa picha nageuza mkono. Nilijisikia vibaya kwa hilo, maana nilikuwa nimeomba nisiwe na saratani nikakubaliwa, na sasa naomba tena.

Daktari alikuwa ameniwekea njia tatu mezani. Kuacha, maana karibu nusu ya vinundu hivi hutoweka vyenyewe, ila inaweza kuchukua miaka. Kuvuta ute kwa sindano nene, kwa sababu ute ni mzito na sindano nyembamba haiuwezi. Ni jambo la dakika chache, lakini zaidi ya nusu hurudi. Au kukata na kukitoa pamoja na kijishina na kipande cha mfuko wa kiungo, ambako vinavyorudi ni vichache zaidi, ila utabaki na kovu, wiki kadhaa za mkono kukakamaa, na uwezekano wa kijitawi cha neva ya ngozi kuguswa ukabaki na eneo la ganzi.

Nilitaka kukatwa. Nilikuwa nimeshaamua, nikaanza kusoma ili nijiridhishe tu.

Kilichonisimamisha ni utafiti mwingine wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2007, wa watu 236 waliokuwa na kinundu hikihiki cha upande wa juu wa kifundo. Wengine walikatwa, wengine walivutwa ute, wengine walielezwa tu na kuachwa. Baada ya wastani wa karibu miaka 6 waliulizwa hali zao. Waliovutwa ute, vilirudi kwa asilimia 58. Waliokatwa, vilirudi kwa asilimia 39. Na katika maumivu, udhaifu wa mkono na ugumu wa kifundo, makundi yote matatu yalikuwa yamefika karibu mahali pamoja.

Ila waliokatwa waliridhika zaidi. Waliridhika zaidi hata pale kinundu kiliporudi.

Nimeukalia mstari huo kwa wiki. Mtu amekatwa, ameshonwa, amekaa na bandeji, kinundu kimerudi, na bado anasema ameridhika. Mwanzoni niliona ni watu kujifariji. Sasa nadhani sivyo, ingawa hii ni tafsiri yangu. Nadhani mtu yule alipata kitu ambacho aliyeambiwa "usijali" hakukipata: kuna mtu aliuchukua mkono wake kwa uzito, akaufungua, akatazama, akamwambia alichokiona. Kama ni hivyo, basi mimi nilikuwa nimeshakipata, gizani, kwa tochi ya kalamu, bila kovu.

Nikaahirisha kukatwa. Simlaumu anayechagua vingine. Kama ningekuwa naumwa kila nikiinuka kwa kuegemea mikono, kama kazi yangu ingekuwa ya kushika patasi au kucheza kinanda, huenda leo ningeandika kwa mkono mmoja na nyuzi zikiwa bado hazijatolewa. Mama naye alichagua kuacha. Daktari alimweleza kwamba cha kwake kikimsumbua kinaweza kutolewa pamoja na kijiba cha mfupa kilicho chini yake, na kucha ina nafasi nzuri ya kukua sawa tena. Alichokataza ni kimoja tu, na kwa sauti ambayo sijawahi kusikia mtu akiitumia kwa mama yangu.

Sindano ile mama alinikabidhi mimi tulipofika nyumbani.

## Mwezi wa saba

Bado kipo. Kuna wiki nzima hupita sijakitazama, halafu nashinda na kazi ya mikono, na jioni kinanisalimu. Nikikishika sasa najua ninachoshika.

Juzi umeme ulikatika tukiwa sebuleni. Niliwasha tochi ya simu, na mama akaniambia nisogee. Akaweka kidole chake cha shahada juu ya mwanga. Kidole chote kikawa chekundu, kama vidole vyote, ila pale karibu na kucha palikuwa na tone dogo lililong'aa kuliko kwingine. Alikuwa amekuwepo siku ile ya tochi, lakini muda wote alikuwa akinitazama mimi. Chake hakuwa amekitazama.

Alikikodolea macho kimya, akikigeuza huku na huku, hadi umeme ukarudi na tone likapotea kwenye mwanga wa taa.

"Zima hiyo taa," akasema.